Neno la Pembeni mwa Barua

Vijana wa masijala mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmeniomba kwa adabu, nadhani mkitarajia mafundisho ya kutunza majalada na visa viwili vitatu vya kuchekesha. Hivyo vipo. Lakini nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka arobaini na saba, miguu bado ina nguvu na hasira pia, kwa hiyo mtanivumilia. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na cha pili nilinyang'anywa. Mshahara mnaujua wenyewe. Ninachotaka kuandika ni habari ya neno moja la Kiingereza nililolibeba kutoka meza hadi meza kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambalo mpaka leo nikiliona damu hunichemka. Neno lenyewe ni "Noted".

Shule niliiacha baada ya darasa la kumi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba "note" ni kikaratasi unachomwachia mtu ambaye hukumkuta, ni fedha ya karatasi, ni sauti moja ya kinanda cha kanisani, tena ni maneno machache unayoandika ili usisahau. Nilizipenda maana hizo. Zote zilikuwa na kitu ndani yake: unakishika, unakisikia, au unakirudia kesho. Hakutuambia kwamba ofisini ningelikuta neno hilo limekaa peke yake pembeni mwa barua, halina kitu ndani, na kwamba kazi yangu ingekuwa kulifungia kabatini pamoja na shida za watu.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Uhuru, katika ofisi moja ya Serikali hapa Mtwara ambayo sitaitaja. Aliyefanya kazi pale anaijua, na ambaye hakufanya hakukosa kitu. Mkuu wa masijala alikuwa Mzee Bruno, mtu wa upande wa Songea, aliyefunga miwani yake kwa uzi uleule tuliofungia majalada. Siku ya kwanza aliniuliza maswali mawili.

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kukaa?"

Nikasema najua. Nilidanganya. Tangu utotoni mimi ni mtu wa njia. Nikikaa siku tatu mahali pamoja nyayo zinaniwasha. Mzee Bruno aliligundua hilo kabla ya saa nne, akanipa kazi ya kubeba majalada kati ya masijala na vyumba vya mabwana, ili niwashwe huku natembea.

Alichonifundisha nitakiandika, maana naona siku hizi mnakifanya ovyo. Barua ikifika, kwanza inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, juu kulia, mahali pasipo na maandishi. Kisha inaandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia. Kisha inatobolewa na kufungwa kwenye jalada lake, inapewa namba, na jalada linapelekwa kwa mwenye kuamua. Likirudi, unasoma alichoandika. Kama ameandika jambo la kufanywa, unaingiza jalada kwenye daftari la kurejesha, unaweka tarehe, na tarehe hiyo ikifika unalirudisha mezani kwake, atake asitake. Mzee Bruno aliliheshimu daftari hilo kuliko Biblia yake, na Biblia aliisoma kila siku. "Bwana mdogo," aliniambia, "watu wanasahau, daftari halisahau. Na barua iliyopokelewa haitoki. Ikishapigwa muhuri si ya aliyeiandika tena. Hata aje analia."

"Na wakiandika 'Noted'?" nilimuuliza wiki ya pili, maana nilikuwa nimeliona neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

"Hiyo haina tarehe. Funga, weka kabatini."

"Maana yake nini hasa, mzee?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Maana yake bwana ameiona, na angependa asiione tena."

Hapo nilicheka. Nilikuwa kijana, na lilinichekesha kwa miaka. Sote lilituchekesha. Saidi, tarishi wetu, mtu wa Mikindani aliyeendesha baiskeli ya ofisi kana kwamba ni yake, alilichukua akaenda nalo nyumbani. Mkewe akisema unga umekwisha, Saidi anajibu "Noted" na kuendelea kula. Mkewe hakujua Kiingereza lakini alikuwa mwepesi wa kuelewa. Wiki hiyohiyo Saidi alirudi kutoka kazini akadai chakula, akajibiwa "Notedi" kutoka jikoni, na jikoni hamkuwa na moto. Makarani wa bandarini walilitumia kwa madereva waliopanga malori ya korosho tangu alfajiri. Dereva anakuja dirishani kulalamika kwamba jua linamwua, karani anasema "Noted" bila kuinua kichwa, na dereva anarudi juani akiwa ameridhika kidogo, maana amejibiwa kwa lugha kubwa. Kwenye mikutano yetu mtu akitoa hoja nzito, mwenyekiti anasema "Noted", katibu anaandika, na hoja inazikwa bila sanda.

Lilipokuja agizo kwamba shughuli za ofisi ziendeshwe kwa Kiswahili, nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Nilidhani neno lile limekwisha. Tukapiga chapa majibu mapya: "Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa." Nilipiga nakala nyingi za sentensi hiyo kwa karatasi ya kaboni hadi vidole vikawa vyeusi, kisha siku moja nikaisoma polepole nikaona ni lilelile, limevuliwa suti likavikwa kanzu. Na wakubwa wenyewe, pembeni mwa barua, ambako mwananchi haoni, waliendelea kuandika kwa Kiingereza. Mwananchi anaandika Kiswahili, anaamuliwa kwa lugha asiyoijua, anajibiwa Kiswahili kisichosema kitu. Hayo tuliyaita kujitegemea.

Sasa nifike kwenye barua.

Ilikuwa miaka ya watu kuhamishiwa vijijini. Pale kwenye mlango wa Ruvuma, upande wetu, ambapo mto unagawanyika kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini, palikuwa na kitongoji kiitwacho Nakachenje. Nyumba zake hazikufika ishirini. Waliishi kwa korosho, muhogo na chumvi kidogo. Walikuwa wameambiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara, nao hawakukataa. Hilo naliandika kwa mkazo, maana baadaye lilisemwa vingine. Walikubali kuhama. Waliomba jambo moja: waachwe hadi korosho zianguke na kuokotwa, kwa sababu ulikuwa mwezi wa nane na mikorosho ilikuwa imejaa maua. Ukiuacha mkorosho bila kulimia chini yake, nyasi zinapanda, moto unapita, na ulichopoteza si msimu mmoja tu. Waliandika hivyo, kwa mwandiko wa mwalimu wa madrasa, na chini yake kila mwenye nyumba akaweka dole gumba.

Aliyeileta ni Bi Asumini, mjane wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa akija mjini kuuza chumvi. Alitoka Nakachenje kabla ya jua, akafika kwetu alasiri, barua imefungwa kwenye kitambaa kiunoni ndani ya khanga. Alisimama dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Nimetumwa na watu, si na tumbo langu. Pokea, unigongee hilo dude lenu nione."

Nikagonga muhuri mbele yake. Akaukagua kama anayekagua kitambaa cha kununua. "Sasa wamesikia?"

"Bado, mama. Sasa imefika."

"Kufika nimefika mimi. Hiyo imebebwa."

Nilimpenda papo hapo. Barua ilipewa namba kumi na nne katika jalada lake nikaipeleka kwa Bwana Mkubwa. Huyu alikuwa msomi kijana, mtu wa mbali, mwenye kalamu ya wino wa kijani ambayo hakuna mwingine ofisini aliyeruhusiwa kuwa na rangi yake. Jalada lilirudi siku hiyohiyo. Pembeni mwa barua, kando ya madole gumba, palikuwa na kijani: "Noted", herufi mbili za jina lake, na tarehe. Mimi, kama nilivyofundishwa, nikalifunga na kuliweka kabatini.

Bi Asumini alirudi baada ya siku kumi. Alikuwa na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, kwenye kikapu, akanipa mitatu kupitia dirishani bila kueleza.

"Barua yetu imelala wapi?"

Hapa ndipo penye kosa langu, na ninaliandika ili mlijue mnapolifanya, maana mnalifanya. Sisi watu wa masijala tuna desturi ya kumfunika bwana. Mtu akiuliza, hatusemi barua imetupwa kabatini. Tunasema iko mezani, inashughulikiwa. Tunaona ni upole: mtu ametembea kutwa, kwa nini arudi na maneno machungu?

"Iko mezani kwa Bwana Mkubwa, mama," nikasema. "Inashughulikiwa."

"Nikawaambie hivyo?"

"Waambie hivyo."

Alikwenda akawaambia. Jirani zao wa vitongoji vingine hawakuwa wameandika barua yoyote, kwa hiyo hawakungoja kitu. Walianza mapema kung'oa miti ya nyumba zao na kuihamisha, wakachimba muhogo, wakawaacha vijana wachache kulimia chini ya mikorosho. Wa Nakachenje walikaa. Wangehangaikia nini, wakati Serikali ilikuwa inashughulikia?

Alipoondoka, ile ming'oko ilinitazama kutoka mezani. Nikatoa jalada kabatini, nikaliingiza kwenye daftari la kurejesha kinyume cha kanuni, nikalipangia Jumatatu. Mzee Bruno aliona mwandiko wangu.

"Hili halina tarehe ya kurudi," alisema.

"Nimelipa tarehe."

"Wewe ni nani wa kulipa tarehe?"

"Wao wana mikorosho, mzee. Nayo ina tarehe."

Akasema, "Mimi sijaliona," akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa baraka.

Jumatatu jalada lilikwenda likarudi. Kijani cha pili, chini ya cha kwanza: "Noted", herufi mbili, tarehe. Jumatatu iliyofuata nikalipeleka tena, na safari hii Saidi alikuja kuniita. "Unaitwa na kalamu," alisema. "Vaa uso wa msibani."

Bwana Mkubwa alikuwa na jalada wazi mbele yake.

"Nani anarudisha hili?"

"Mimi, bwana."

"Kwa agizo la nani?"

"Lilikuwa kwenye daftari la kurejesha."

"Nani aliliingiza kwenye daftari?"

"Mimi, bwana."

Akacheka kidogo, hakuwa mtu mkali. Natamani angekuwa. "Nimeandika nini hapa?"

"Umeandika umeiona."

"Basi."

"Wenyewe wanangoja kujua uliyoyaona unayakubali au unayakataa. Hata ukikataa, bwana, watajipanga."

"Kazi ya kuhamisha watu ina ratiba yake. Nikiwakubalia, kesho wengine watadai vilevile. Nikiwakatalia kwa maandishi, kesho kutwa mtu atakuja na karatasi yangu anauliza kwa nini nilikataa." Alifunga jalada. "Watajua malori yakifika. Weka kabatini, na safari hii libaki kabatini."

Sikuwahi kusikia maana ya lile neno ikielezwa wazi namna hiyo, tena na bingwa wake. Hakulitumia kwa uvivu wala kwa haraka. Alilitumia ili awe amesoma bila kuwa amesema. Mtu akiambiwa "hapana", anafunga mizigo yake. Hapana unaweza kuipangia safari. Lakini yule aliyeambiwa kwamba ameonekana anabaki amesimama dirishani na kikapu chake, na kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyosimama zaidi.

Ninachokikasirikia kuliko vyote nimekiweka hapa mwisho wa sehemu hii kwa makusudi, kwa kuwa hakimhusu Bwana Mkubwa. Siku iliyofuata Bi Asumini alikuja mara ya tatu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba malori yanakuja. Nilikuwa nimesimama futi mbili kutoka kwake, dirisha liko wazi, ofisi haina mtu zaidi ya Mzee Bruno na ukuta wake. Akauliza, nami nikasema, "Bado inashughulikiwa, mama." Niliogopa kalamu. Sina maelezo mengine.

Malori yalifika Nakachenje kabla ya wiki mbili kwisha. Yalibeba watu, vitanda, kuku, na vitu vilivyowahiwa. Muhogo ulibaki ardhini kwa ajili ya nguruwe. Miti ya nyumba ilibaki imesimama. Korosho zilianguka zikaoza pamoja na mabibo yake, na mwishoni mwa mwaka moto ulipita ukachukua mikorosho ambayo mingine ilipandwa na baba zao. Ikaja karatasi iliyoandikwa kwamba wananchi wa Nakachenje walihamishwa bila malalamiko. Nilifunga karatasi hiyo mwenyewe, juu ya namba kumi na nne.

Ulipoingia mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, aliyekuja dirishani alikuwa Bi Asumini. Hakuwa na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua barua yetu."

Nikamwambia barua iliyopokelewa haitoki. Nilimwambia kwa sauti ya Mzee Bruno, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" alisema. "Sasa unisikilize na mimi. Binti yangu ameolewa zamani na mtu wa pale palipowekwa kijiji kipya, unajua? Hujui. Na tulipofika nilipewa kiwanja karibu na kisima, kwa kuwa ni mjane. Basi watu wameyaweka pamoja. Wanasema barua sikuileta. Wanasema niliitupa mtoni nikaja mjini kuuza chumvi yangu, nikarudi na maneno matamu ya kuwakalisha, ili wakose muda na mimi nipate kiwanja. Wanasema kama barua ilifika, jibu liko wapi? Hata la kukataa? Serikali gani inasoma barua ya watu inanyamaza? Hilo mimi mwenyewe sikuweza kulijibu."

"Wewe uliwaambia nilivyokuambia mimi."

"Ndiyo hayo maneno matamu, karani. Ni yako. Yamekaa mdomoni mwangu." Aliegemea kizingiti cha dirisha. "Mjukuu wangu anaingia unyagoni mwezi huu. Wameniambia nisikanyage. Mimi niliyewacheza unyago watoto wa kwetu wote, nitakaa nyumbani nasikia ngoma, mjukuu wangu anafundishwa na wengine, kwa sababu bibi yake ni mwongo. Haya. Niambie tena kwamba barua haitoki."

Nilisimama nikafungua kabati. Nikafungua uzi, nikatoa namba kumi na nne, nikaiweka mbele yake. Ilikuwa na matobo mawili, muhuri wetu juu kulia, madole gumba chini, na kijani pembeni mara mbili.

"Hiki kijani ni nini?"

"Ni bwana ameandika. Mara mbili. Na hizi ni tarehe."

"Hii ya kwanza ni siku niliyoileta."

"Ndiyo hiyo."

Aliinamia karatasi muda mrefu. Hakuwa akisoma, lakini tarehe alizijua. "Mimi nikiwaonyesha watasema nimeandika mwenyewe, au nimeandikiwa na wewe hapa hapa. Utakuja uwasomee."

Haikuwa ombi. Nikachukua kofia yangu. Karatasi kukosekana jaladani kuligunduliwa baadaye, na ndiko kulikonirudisha kwenye cheo cha kwanza na kunihamishia Nanyamba. Sikulalamika, barabara ya Nanyamba ni nzuri kwa kutembea, na kule nilijifunza kumwambia mtu aliye dirishani hivi: "Mama, barua yako imesomwa na haitajibiwa. Fanya utakavyoweza." Nimetukanwa kwa ajili ya sentensi hiyo na wakubwa watatu. Sijawahi kutukanwa kwa ajili yake na mwananchi. Itumieni.

Tulifika kijiji kipya jioni, jua bado lipo. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Chikoko, aliyekuwa ameweka dole gumba la kwanza kwenye barua ile, akamwambia karani amekuja na maneno ya ofisini. Watu wa Nakachenje wakakusanywa kwenye banda la shule lisilo na kuta. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake kwenye mikeka upande wa pili. Bi Asumini alisimama karibu nami, peke yake, mikono ameikunja chini ya khanga. Hakuna aliyemkaribisha kukaa.

Nikaisoma barua yao. Walipoyasikia maneno yao wenyewe, baadhi waliinamisha vichwa. Kisha nikawapa karatasi ipite mikononi. Kila mtu alitafuta dole lake. Mwanamke mmoja alilipata la mumewe aliyekuwa amefariki wakati wa masika, akaweka lake juu yake akaliondoa. Karatasi ilipomfikia Mzee Chikoko, aliuweka ukucha kwenye kijani.

"Na hili?"

"Ni mwandiko wa Bwana Mkubwa. Ni Kiingereza. Linasema ameisoma na ameyaelewa mliyosema. Tarehe hii ya kwanza ni siku barua ilipoletwa. Hii nyingine ni siku alipoisoma tena."

"Ameisoma mara mbili."

"Mara mbili zenye wino. Na mara ya tatu, nikiwa nimesimama mbele yake."

"Kabla ya malori?"

"Kabla ya malori."

Minong'ono ilipita kwenye magogo kisha ikafa. Mzee mmoja nyuma alisema, si kwa kumwambia mtu, "Sisi tulikuwa tunasema labda haikufika." Alilisema kama mtu aliyeporwa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Nikaelewa kwamba walikuwa wameitunza ile shaka mwaka mzima. Mwanamke aliyetupa barua mtoni walikuwa wanaweza kuishi naye kijiji kimoja na kumchukia. Mtu aliyeisoma barua yao mara tatu na kunyamaza, huyo hawakuwa na mahali pa kumweka.

"Kwa hiyo alijua," alisema Mzee Chikoko.

"Alijua."

Alikunja karatasi katika mikunjo yake ya zamani, polepole, akamrudishia Bi Asumini kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Na wewe, karani? Alipokuja mara ya mwisho kukuuliza, tukakaa kwa sababu ya jibu lako. Wewe ulijua?"

Bi Asumini hakunitazama. Njia yote kutoka mjini hakuwa ameniuliza swali hilo, na angeweza.

"Nilijua," nikasema.

Upande wa wanawake mikeka ilikwaruza sakafu; mmoja alivuta miguu yake, wa pili akamsogeza mtoto, na katikati yao pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Bi Asumini akaenda akakaa. Mimi nilibaki nimesimama.